Walioitikia Amina

9 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako ya kwanza tangu utoke kifungoni imenikuta bwenini wasichana wanapiga deki. Nimeisomea kwenye stoo ya mashuka ili wasinione uso. Ni mistari sita. Gerezani ulikuwa unaniandikia kurasa mbili. Au huko karatasi zilikuwa za serikali?

Nilichoelewa ni hiki: umeifungua nyumba ya mama, umepata kibarua cha kuosha mabasi, na kuendesha hutaki tena hata toroli. Sawa. Usichoniambia ni kama umekwenda kanisani.

Nina sababu ya kuuliza. Mwisho wa mwaka nastaafu umatroni, na chumba ninachokaa ni cha shule. Ama nirudi tukae wote nyumba ya mama, ama nipange chumba huku na wewe unifuate. Mkuu wa shule yuko tayari kunitafutia chumba, lakini anataka jibu langu kabla ya likizo ya katikati ya mwaka.

Unajua kwa nini nilihama. Waimbaji watatu walikufa ndani ya basi ulilokuwa unaliendesha, na mimi ni dada yako. Hakuna aliyenitukana. Nilikuwa nikikaa kwenye benchi, watu wanasogea. Wanasogea kidogo tu, kwa adabu, mpaka nabaki peke yangu na mkoba wangu. Sikuwalaumu, lakini siwezi kuzeekea kwenye benchi la namna hiyo.

Basi niambie jambo moja, na usinipambie: hapo pana watu wa kuishi nao, au pana majirani tu?

Dada yako


21 Februari

Dada, shikamoo.

Nimekwenda. Walinipigia makofi. Mchungaji ni mpya, kijana, hakuwepo wakati wa ajali. Alinikumbatia mbele ya watu wote akasema, "Ndugu yetu alikuwa amepotea, sasa ameonekana." Nikawaza kwamba sikupotea, anwani yangu ilikuwa inajulikana.

Anasema alilikuta kanisa limegeuka stendi, watu wanakutana Jumapili kila mmoja na safari yake. Kwa hiyo ametugawa katika vikundi. Kila Alhamisi kikundi kinakwenda nyumba ya mmoja wetu kwa zamu, mnakunywa chai, na kila mtu anatoa neno la kweli. Yaani jambo moja lililompata wiki hiyo, la kweli, bila mahubiri, na hakuna kumpa mwenzako ushauri. Zamu hairukwi hata kama nyumba ina kiti kimoja. Mchungaji alisema, "Nyumba ikirukwa, kikundi kimekufa."

Kikundi changu kinaongozwa na Mzee wa Vifaa, yule mwenye duka la mabati na misumari. Wengi ni wa ile kwaya ya zamani, waliopona. Besi yupo na mkewe. Alhamisi ya kwanza Besi alisema neno lake la kweli ni kwamba alikula mkate wa mtoto wa shule akamsingizia paka. Mkewe akaruka, "Kumbe! Na mimi nimempiga paka!" Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Zamu ya Mzee ilipofika akasema anamshukuru Mungu kwa afya njema. Fundi cherehani akamwambia, "Mzee, hilo ni la Jumapili. Tupe la Alhamisi."

Ndiyo, mama Fundi yule yule, ambaye binti yake ni mmoja wa wale watatu. Yumo kikundini. Anakaa karibu na mlango. Bado sijamtazama usoni.

Bado wananiita Taratibu, kwa vile nilivyokuwa naendesha. Nilidhani wangeliacha jina hilo.

Zamu yangu inakuja mwezi ujao. Nimepaka chokaa sebuleni na nitaazima mabenchi.

Mdogo wako,
Taratibu


4 Machi

Mdogo wangu,

Nimeisoma mara mbili. Makofi nayaweka pembeni, makofi hata mwanasiasa hupigiwa. Hilo la paka ndilo limenifanya nisimame dirishani nikiwaza kurudi.

Lakini Mzee wa Vifaa? Yeye ndiye aliyeongoza ile safari. Kwenye mazishi alisema Bwana ametoa na Bwana ametwaa, kisha akaniangalia mimi kana kwamba mtwaaji nilikuwa mimi. Sasa ndiye kiongozi wako. Haya, labda naye ameguswa. Watu hubadilika, mimi mwenyewe zamani nilikuwa mwembamba.

Na wewe unatoa neno gani la kweli siku ya Alhamisi? Hilo umelikwepa.

Nitamjibu mkuu wa shule baada ya zamu yako. Kukaa na watu kanisani ni rahisi, mnatazama mbele wote. Wakivuka kizingiti chako wakakaa kwenye mabenchi yako, hapo nitajua. Niandikie kila kitu, nani alikaa wapi na nani alisema nini. Osha vikombe vya mama kwa maji ya moto, vina utando.

Dada yako


29 Machi

Dada, shikamoo.

Walikuja. Walikuja wote, na mabenchi hayakutosha. Kulikuwa na furaha kubwa sana na ushirika mzuri. Mzee wa Vifaa aliomba kwa nguvu na kuibariki nyumba. Chai ilitosha, mkate ulitosha. Kila mtu alitoa neno la kweli na wote walibarikiwa. Walikaa mpaka jioni.

Mwambie mkuu wa shule kwamba unarudi.

Kazini tunaendelea vizuri.

Mdogo wako,
Taratibu


8 Aprili

Kwa Mzee wa Vifaa, kiongozi wa kikundi cha Alhamisi

Shikamoo Mzee.

Mimi ni dada yake Taratibu. Tulijuana, ingawa tuliachana bila kuagana vizuri, na kosa la hilo nadhani tuligawana.

Naandika kukushukuru wewe na kikundi chote. Mdogo wangu amenieleza jinsi mlivyofika nyumbani kwa mama yetu siku ya zamu yake, mkakaa naye hadi jioni, na jinsi ulivyoiombea nyumba. Sijui kama mnajua mmefanya kitu gani. Kwa miaka yote hii nilikuwa nimeamini kwamba mlango ule hautaingiwa na mtu wa kanisa mpaka siku ya kutoa maiti.

Natarajia kurudi kuishi hapo mwisho wa mwaka. Mkinikubali, nami nitaingia kwenye zamu.

Wako,
Matroni


19 Aprili

Mpendwa katika Bwana,

Bwana asifiwe sana. Nimepokea barua yako yenye upendo nami nimeiweka katika maombi kabla ya kuijibu.

Kuhusu Alhamisi hiyo unayoitaja, ni vema kuweka mambo sawa kwa roho ya upole. Siku hiyo ilikuwa na mwingiliano wa majukumu. Mimi nilikuwa na mzigo dukani. Wengine walipata dharura mbalimbali, mmoja mgonjwa, mwingine mgeni, kama ilivyo kawaida ya maisha. Haikuwa kwa ubaya. Huenda ndugu yetu alisema hivyo kwa imani, akiyataja yasiyokuwapo kana kwamba yapo.

Sisi tulimsamehe zamani, na tulimsamehe hadharani. Kanisa zima ni shahidi. Hata hivyo, kama mzazi, nikushauri jambo. Mahali palipomjeruhi mtu si lazima pawe mahali pa kumponya. Hapa anatazamana kila siku na wafiwa, nao wanatazamana naye. Nawaza kama isingekuwa hekima zaidi yeye aje huko uliko, abadilishe hewa, aanze upya kwa watu wasiojua habari zake. Kanisa liko tayari kumgharimia nauli na kumfungia mizigo. Mchungaji wetu bado ni mchanga, kwa hiyo sijamshirikisha. Ningependa tulimalize sisi wazee.

Neema na amani vizidi kwako.

Mzee wa Kanisa


27 Aprili

Mdogo wangu,

Njia ya mwongo ni fupi. Yako imeishia kwenye stempu.

Nimemwandikia Mzee wa Vifaa kumshukuru kwa ugeni ambao haukuwepo. Nimejiaibisha kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Nakala ya majibu yake naiambatanisha, uone jinsi mtu anavyoweza kusema hapana kwa kurasa mbili bila kuandika neno hapana.

Ningepaswa kugundua. Barua yako ile ilikuwa na furaha kubwa na ushirika mzuri, na haikuwa na paka.

Sikugombezi kwa kunificha aibu yako. Nakugombeza kwa kunipa jibu la uongo wakati maisha yangu yalikuwa yanasubiri la kweli. Nilishamwambia mkuu wa shule kwamba narudi. Sasa nimekwenda kumwambia asubiri, akaniuliza kama niko sawa kichwani.

Lakini kuna kitu sikielewi hapa, na nimelea wasichana wa watu kwa muda mrefu vya kutosha kujua uso wa hasira na uso wa hofu. Mtu aliyekukasirikia angeniambia mdogo wako ni muuaji, hatuji kwake. Huyu anataka kukulipia nauli. Kwa nini wanakuogopa? Wanaweza kukaa na wewe kanisani, wanaweza kukaa na wewe kwa Besi. Kwako hawawezi. Kuna nini mnachojua wewe na wao?

Niandikie ukweli au usiandike.

Dada yako


9 Mei

Dada,

Sina uso wa kukuamkia, lakini shikamoo.

Hawakuja. Nilipanga vikombe, nikachemsha chai, ikapoa, nikaichemsha tena. Mtu wa kwanza alituma ujumbe kwamba ana mgeni. Wengine hawakutuma.

Kisha akabisha Fundi cherehani. Alikuwa peke yake. Nilidhani amekuja kunitukana, nikafungua mlango wote ili atukane vizuri. Akaingia, akakaa kwenye benchi la karibu na mlango kama kawaida yake. Akatazama mabenchi matupu, akasema, "Hawa wengine?" Nikasema wana dharura. Akasema, "Wote?" Akaguna.

Chai hakunywa. Akasema, "Haya, neno langu la kweli: nimekuja kwenye nyumba ya mtu aliyemwendesha mwanangu kwenye kifo chake, kwa sababu zamu ni zamu. Sijakusamehe. Lako?"

Nikasema wiki hii niliosha basi lililokuwa na kuku ndani. Akasema, "Hiyo ni kazi. Nimekuuliza la kweli." Nikaanza kukusanya vikombe. Akainuka akaenda zake.

Sasa nakuambia wewe ambalo sikumwambia yeye.

Mkutano wa kwaya ulikwisha jioni. Mimi nilikuwa sijalala usiku mbili, nililinda vipaza sauti ndani ya basi. Nikamwambia Mzee, "Naomba nilale mpaka kukuche, macho yanajifunga yenyewe." Akasema kesho lazima afungue duka, mzigo wa mabati unaingia. Watu wote walikuwa wamesimama mlangoni pa basi na mabegi. Akaniwekea mkono kichwani na kuukemea usingizi. Aliukemea kama pepo, Dada. "Toka ndani ya mtumishi huyu." Kwaya nzima ikaitikia amina. Binti wa Fundi alikuwa mbele kabisa, na sauti yake unaijua, ilipanda juu ya zote. Na mimi niliitikia. Kisha nikawasha gari.

Mahakamani hakimu aliuliza kama nina la kuongeza. Waliopona walikuwa wamekaa nyuma, wanatazama viatu vyao. Nikasema sina. Usukani ulikuwa mikononi mwangu, haukuwa mikononi mwa Mzee. Na niliona vibaya kumleta Mungu kizimbani.

Ndiyo maana hawaji. Kanisani kuna kinanda. Kwa Besi kuna watoto. Kwangu wangenisikia.

Lakini nitamwambiaje Fundi kwamba mwanawe aliitikia kwa sauti kubwa kile kilichomuua? Sasa hivi ana mtu mmoja wa kumchukia, na mtu huyo anamjua. Nikisema, namwongezea wengine kumi, na mmoja wao ni mtoto wake.

Acha nije huko. Nauli wanatoa.

Taratibu


18 Mei

Mdogo wangu,

Nimesoma. Sikulala, na mimi hakuna aliyeniombea.

Nauli yao usiiguse. Ukitaka kuja, njoo kwa mshahara wako wa kuosha mabasi, nitakupokea, na sitakuuliza kitu. Lakini elewa unachokuja nacho. Tutapanga chumba, tutakwenda kanisa la huku, watatupenda sana, kwa kuwa hawatatujua. Mimi nimeishi hivyo tangu nihame. Hapa wananiita Mama wa wote. Hakuna hata mmoja anayejua kwamba nina mdogo wangu.

Kuhusu Fundi, unasema unamkinga. Yule mama alikuja kwako akakuuliza swali moja, ukampa kuku. Sikuamulii. Ila ni yeye peke yake aliyevuka kizingiti cha mama, na ni yeye peke yake unayemficha.

Mkuu wa shule nimemwambia anipe mpaka mwisho wa Julai.

Dada yako


2 Julai

Kwa Bi Matroni,

Mimi ni Fundi cherehani. Mdogo wako anasema huziamini barua zake tena, kwa hiyo ameniomba niandike mimi. Nina nguo za harusi za watu zinanisubiri, nitasema kwa kifupi.

Zamu ilikuwa kwangu. Walikuja wote. Kwa mfiwa watu huja, ni kwa mkosaji ndiko hawajui njia. Niliondoa vitambaa kwenye viti, wakakaa. Mke wa Besi akasema neno lake, mwingine lake. Ilipofika kwa Taratibu akasimama, nikamwambia kaa, hapa si mahakamani. Akasema akiwa amekaa. Ameniambia wewe unajua aliyoyasema, sitayarudia.

Alipofika kwenye amina ya binti yangu akataka kuishia hapo. Nikamwambia amalize. Akamaliza.

Hakuna aliyesogea. Nilisikia maji ya chai yanachemka jikoni na sikwenda kuyaepua. Kisha Mzee wa Vifaa akasimama, akafumba macho, akasema, "Wapendwa, tuombe." Nikamwambia, "Mzee, kaa. Safari ile uliomba."

Hakukaa. Alisema kuna roho ya mashtaka imeingia kikundini. Akachukua fimbo yake akatoka, na waliotoka naye wakatoka, wengine bila hata kuniaga. Besi akabaki ameinamisha kichwa. Baadaye akasema, "Mama, mimi nilisema amina." Mkewe akasema, "Na mimi. Nilikuwa nataka kufika nyumbani." Akalia. Mimi sikulia. Nilikwenda kuepua sufuria, limeungua.

Jumapili iliyofuata Mchungaji alitangaza kwamba vikundi vya Alhamisi vimesimama kwa muda, ili kulinda umoja. Nilimfuata ofisini nikamuuliza umoja wa nani. Hakuniangalia. Ni kijana mzuri, ila Mzee ndiye anayeezeka kanisa. Mabati ni yake.

Sisi hatukusimama.

Usiniandikie kunishukuru. Sikumfanyia mdogo wako hisani. Nikimwona ameshika kikombe kwa mikono ile, nataka kuondoka, na kuna siku nimeondoka mapema. Kuhusu mwanangu, miaka yote nilijiuliza kama alikuwa amelala, kama aliogopa, kama aliniita. Sasa najua kwamba kabla ya safari alikuwa na furaha na alikuwa na imani, na kwamba imani yake ilitumiwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kufungua duka. Sijui kama ni afadhali kujua. Sijaamua.

Alhamisi iliyopita tulikuwa kwa Taratibu. Chai yake ni nyepesi mno. Siku hiyo hakuna aliyekuwa na neno. Tulikaa mpaka giza likaanza kuingia, tukaosha vikombe, kila mtu akaenda kwake.

Anasema unataka kujua kama hapa pana watu wa kuishi nao, na kwamba mkuu wako wa shule anasubiri. Mimi sijui watu wa kuishi nao wanakuwaje, kwa hiyo siwezi kukujibia. Tuko wanne. Alhamisi hii ni kwa Besi. Ana viti vitano.

Fundi cherehani